Gari la Mbio Nyuma ya Matwari

Nilimkataza rafiki yangu Ishaq mpaka koo likanikauka. Nikamwambia, "Gari hili haliendi harusini!" Yeye akawa anafuta kioo tu, macho yangu anayakwepa.

Gari lilikuwa lake kwa sababu ndiye aliyelinunua, tena likiwa mkweche. Lakini aliyeifungua injini akaifunga upya, anayebadilisha breki kila baada ya mashindano na kumwaga oili kabla haijawa nyeusi, ni mimi, Purity wa Kakuyuni. Na likiingia uwanja wa mbio kule Kilifi, mwenye usukani ni mimi vilevile. Halijanizimikia hata siku moja. Jumapili ile Oliver, mkuu wa timu moja ya Nairobi, alikuwa anakuja pale kutafuta dereva, na mimi sikuwa na njia nyingine ya kutoka kimaisha.

Mambo yalianza pale Mzee Mahadhi, ami yake Ishaq, alipokuja gerejini kwetu Malindi. Kijana wake alikuwa anaoa Mambrui Jumamosi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nataka hilo jekundu limpeleke bwana harusi."

Nikamweleza kwa adabu. Feni tumeitoa ili gari liwe jepesi. Uwanjani upepo wa mbio ndio unaopoza rejeta, na likitambaa nyuma ya watu litachemka. Mzee akacheka mpaka kofia ikakaa upande.

"Linakimbia hivyo, kisha lishindwe na mwendo wa wazee?"

Alipoondoka nilimgeukia Ishaq. Akasema, "Ami ndiye aliyenilea, Purity. Nitamwambiaje hapana?"

"Kwa mdomo!"

Haya, Jumamosi nikaenda Mambrui mwenyewe, maana sikumwamini. Wapiga matwari, zile ngoma za harusi, walikuwa mbele, wakisimama kila mlango, na sisi nyuma yao hatua moja, tumesimama, hatua moja, tumesimama. Wanawake wanarusha marashi na vigelegele. Ishaq alishika usukani, mimi nikatembea ubavuni mwa gari, jicho dirishani kwenye mshale wa kupima joto la injini. Ulipofika kwenye wekundu nikapiga kelele, "Zima!"

Ishaq akamtazama ami yake. Mzee akaashiria kwa bakora kwamba tusonge. Gari la bwana harusi kuzimika njiani ni nuksi, eti. Basi Ishaq akasonga, na moshi ukaanza kufuka.

"Maji! Maji!" Kabla sijafika, mzee mwenyewe alishafungua boneti, akaimwagia injini ndoo nzima ya maji baridi ya kisima. Chuma cha moto, maji baridi. Nilisikia ta! nikajua imepasuka.

Walilisukuma kwa mikono mpaka kwa bibi harusi, wanaimba na kucheka. Bi Mwanatumu, mamake Ishaq, akaniletea sahani ya pilau.

"Kula mwanangu. La Mungu halina makosa."

"Mungu msimsingizie! Hili ni la mwanao!"

Wote wakanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeharibu harusi. Pilau nikaiacha hapo hapo.

Jumapili nilikwenda Kilifi bila gari, nikamwombe Oliver anijaribu kwa gari jingine lolote. Nikamkuta Ishaq amefika kabla yangu, pamoja na ami yake aliyevaa kanzu safi. Nikamsalimu Oliver. Akauliza, "Gari liko wapi?"

Ishaq akamtupia ami yake jicho, kisha akajibu, "Lilichemka. Dereva wangu alilikamua kupita kiasi mazoezini."

Nikamfokea, "Mwongo wee! Limefia harusini kwenu!"

"Mwanangu," akasema Mzee Mahadhi polepole, kama ananihurumia, "makosa humpata kila mtu. Usitafute wa kumtwika."

Oliver akatutazama sote watatu, mzee wa watu na kanzu yake, na mimi ninayefoka kwa hasira. Akatikisa kichwa. "Madereva wenye mbio ninao tele, dada. Ninayemtafuta ni anayejua kutunza gari." Akaenda zake kwa wengine.

Kutunza gari! Mimi! Nilikaa chini kwenye lami ile ya moto nikalia, wala sikuona haya.

Ishaq akanifuata, akachuchumaa karibu yangu. "Nisamehe, Purity. Ningemtia aibu vipi mbele ya mgeni? Yeye ni ami yangu. Wewe ni rafiki, utanielewa." Halafu, hana hata haya, akaniuliza kama kesho nitakuja kuifungua injini.