Nyeupe Nne

Jumamosi ya tarehe 14 Juni 2025, saa nne asubuhi, mtandao wa kompyuta yangu hapa Chamazi ulikatika, na ukoo wetu kule Bukoba ukaanza kikao bila mie.

Kikao kilikuwa cha kibanja, shamba letu la migomba la ukoo. Audax, mtoto wa marehemu kaka yangu, ameomba apewe upande wa chini, akate migomba ajenge nyumba. Upande huo ndiko alikozikwa mke wangu, Tekla. Mwenyekiti wa ukoo, Erasmus, alishatangaza: aliye mbali aonekane sura kwenye kompyuta; asiyeonekana amekubali. Sauti ya simu haihesabiki. Ndivyo walivyo, ukimpa mtu kiti tu anaanza kutunga sheria.

Nikapigia kampuni ya mtandao. Mashine ikanijibu kwamba taarifa za kukatika mtandao zitumwe kwa mtandao.

Nikampigia binti yangu Hope, anafundisha Dodoma.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Serikali imekata waya."

"Serikali gani tena? Kile kiboksi cha ukutani chumbani kina taa?"

"Zinawaka zote."

"Na nyuma ya kompyuta, waya unapoingilia?"

"Giza."

"Basi ishu iko hapo katikati. Chomoa, chomeka mpaka isikike tak."

Nikachomoa, nikachomeka. Tak. Giza.

"Baba, kuna kitu umegusa?"

"Nimehamishia kompyuta sebuleni tu. Sitaki ukoo unione nimekaa kitandani kama mgonjwa. Waya haukufika, nikauunga na kipande alichoachaga fundi. Nimemenya, nimesokota, nimezungushia tepu. Kila rangi na mwenzake. Nyeupe zilikuwa nne, nikazifunga pamoja."

"Zote?"

"Nyeupe si nyeupe?"

"Baba jamani! Kila nyeupe ina mstari wa rangi yake. Vaa miwani."

Nikavaa. Mistari ilikuwepo, myembamba kama uzi. Wanaotengeneza hizi nyaya wana macho ya ujana na mishahara. Nikafungua, nikaunga upya, wa bluu kwa wa bluu, wa kijani kwa wa kijani. Taa ikawaka.

Kwenye kioo ukoo mzima ulikuwa unakula. Erasmus akafuta mdomo.

"Revelian! Umechelewa, ndugu yangu. Hukuonekana, umekubali."

"Si naonekana sasa?"

"Sasa tunakula."

Audax akasogea mbele na sahani yake, adabu zote. "Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Msingi unachimba lini?"

"Jumatatu, Mungu akipenda."

"Vizuri. Na mama yako mdogo Tekla umempangia chumba gani?"

Audax akamtazama Erasmus. Erasmus akatazama sahani. Hope, ambaye bado alikuwa kwenye simu sikioni mwangu, akasema baba, tafadhali.

Nikasogeza uso karibu na kioo, wanione vizuri.

"Nauliza. Chumba gani?"