Bastola Ambayo Baba Hakuwahi Kuiona

Tulipohamia mji wa Pune, baba alikuwa na siku thelathini za kuipeleka leseni ya bunduki yake kwa polisi wa huko. Ndivyo sheria inavyotaka: ukihama jimbo unatoa taarifa, unaonyesha kitabu cha leseni na silaha yenyewe, kisha faili lako linaletwa kutoka wilaya uliyotoka. Baba yangu, Sajini mstaafu Ramsanehi Bhadauria, alifuata hata sheria ambazo wenzake walizicheka. Siku ya nne, mama hajamaliza kutoa vyombo kwenye masanduku, alinikalisha mimi, binti yake, nimjazie fomu.

"Sarvesh, andika polepole. Usikatekate maneno. Karani akiona umekata, anakurudisha mwisho wa foleni."

"Baba, fomu ni ya kwenye kompyuta. Hakuna kukata."

"Basi usikosee kwenye hiyo kompyuta."

Kwetu, kule kwenye makorongo ya mto Chambal, bunduki haimshangazi mtu. Wazee wakienda kuposa huuliza shamba, huuliza nyati wa maziwa, halafu huuliza kama nyumba hiyo ina leseni. Babu alikuwa na bunduki ya mitutu miwili, na alipofariki leseni iliandikwa jina la baba kwa kuwa alikuwa jeshini na faili lake lilikuwa safi. Kaka yake, baba mkubwa Mahavir, alinyimwa kwa sababu ya kesi ya kupigana na jirani juu ya mpaka wa shamba. Jambo hilo lilimkaa kooni miaka yote. Baba alipostaafu, bunduki hiyo ndiyo iliyompatia kazi. Mlinzi mwenye silaha na leseni yake mwenyewe hutafutwa sana, na benki moja ya Pune ilitaka mmoja wa kukaa mlangoni. Ndiyo maana tulihama.

Kituoni tulipokelewa na Inspekta Tambe, mama wa makamo aliyening'iniza miwani shingoni. Alikikagua kitabu cha leseni, akaitazama bunduki, akalinganisha namba iliyochongwa kwenye chuma na ile ya kitabuni. Kila kitu kilikubaliana. Kisha akavaa miwani, akaigeukia kompyuta.

"Sajini, na ile nyingine iko wapi?"

"Nyingine gani, afande?"

"Silaha ya pili. Kitabu chako kina moja, lakini daftari la taifa lina mbili. Bunduki hii, na bastola. Iliandikishwa miaka tisa iliyopita, mwezi wa kumi na moja."

Baba alitabasamu kama mtu aliyeitwa kwa jina la mwenzake. "Hapo karani wa kwetu amechanganya. Sijawahi kumiliki bastola."

Inspekta aliigeuza skrini. Kulikuwa na jina la baba, jina la babu, kijiji chetu, namba ya bastola, na picha ya risiti ya duka yenye saini. Baba hutia saini kwa Kihindi, herufi zimesimama wima kama askari kwenye gwaride. Ile ilikuwa ya Kiingereza, imezungushwa kwa madaha. Niliijua. Mahavir ndiye aliyenisainia ripoti zangu za shule baba akiwa jeshini.

Na baba aliijua.

"Mwaka huo ulikuwa wapi?" Inspekta aliuliza.

"Ladakh. Mpakani, kwenye theluji."

"Na kitabu?"

"Nilikiacha nyumbani kihuishwe. Nilipopata likizo nilikabidhiwa kipya. Niliambiwa cha zamani kimeliwa na mchwa."

Yule mama hakucheka. "Nina siku kumi kabla sijaandika ripoti yangu. Ukija na bastola, nitaandika hivyo. Ukija na maelezo, nitayaandika. Ukija ukiwa bubu, sitakuwa na namna ya kukusaidia. Bunduki inabaki hapa, nitakupa stakabadhi."

Baba alitoka kituoni mikono mitupu, hajui aiweke wapi. Mara aitie mfukoni, mara aifunge mgongoni. Meneja wa benki alimwambia kwa upole akae nyumbani mpaka karatasi zikamilike.

Alimpigia kaka yake. Mahavir akasema mambo hayo hayazungumzwi kwenye simu, njoo nyumbani. Mama alinilazimisha niende naye. "Wakiwa peke yao watashikana makoo," alisema. "Mbele yako wataoneana haya."

Safari ya treni ilichukua siku nzima. Baba alikaa dirishani bila kugusa chapati tulizofungiwa. Tulipovuka mto Narmada aliniuliza, bila kunitazama, "Ile harusi ya kina Tomar, mwaka jana. Wewe ulikuwepo?"

Nilijua anakokwenda. Kwetu harusini watu hufyatua risasi hewani bwana harusi anapofika. Ni marufuku, na kila mtu hufanya. Katika harusi ile mpiga tarumbeta wa bendi, Asgar, alipigwa shingoni, akafa akiwa bado amevaa koti lake jekundu la vifungo vya dhahabu. Polisi walikusanya bunduki zote za kijiji. Zikarudishwa zote, kwa kuwa risasi aliyotolewa Asgar ilikuwa ya bastola, na katika vitabu vya leseni walivyovikagua polisi hakukuwa na bastola hata moja. Watu mia tatu walihojiwa. Wote walikuwa wanatazama upande mwingine.

"Nilikuwepo," nilisema.

"Uliona nini?"

Nilikuwa nimelisubiri swali hilo mwaka mzima, na nilikuwa nimeomba lisije. "Nilimwona Bhupat ameinua mkono. Kisha akauingiza ndani ya shali. Nilijiambia ilikuwa fataki."

Bhupat ni mwana wa Mahavir, kaka yangu kwa hesabu za kwetu. Ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli. Baba hakunikaripia. Alisema tu, "Fataki," akageukia dirisha.

Tulimkuta Mahavir uani, juu ya kitanda chake cha kamba. Mkewe alituletea mtindi kwenye bilauri za shaba. Baba aliiweka yake chini.

"Ulinunua bastola kwa leseni yangu."

"Nilinunua kwa leseni ya baba yetu," Mahavir alijibu. "Nafasi ya silaha ya pili ilikuwepo, wewe uko huko unalinda mawe na barafu. Ingekaa bure?"

"Ulitia saini yangu."

"Mimi na wewe tumelala tumbo moja, mdogo wangu. Saini zetu zitatofautiana wapi?"

"Iko wapi?"

"Imepotea."

"Ilipotea lini?"

"Wewe unataka iwe lini?" Mahavir alisogea, akashusha sauti kama anayemshauri mtoto. "Sikiliza. Andika kwamba iliibwa kwenye treni mkiwa mnahama. Masanduku huibwa kila siku. Watakukaripia, watakutoza faini, yatakwisha. Nani atamfunga askari mwenye nishani?"

"Na Asgar?"

"Asgar gani?"

"Mpiga tarumbeta."

Mahavir aligeuka. Alinitazama mimi, kwa muda mrefu, na jicho lile sijalisahau. Kisha akasema, "Kumbe unasafiri na shahidi."

Wakati huohuo pikipiki ikaingia uani. Bhupat alishuka, akaja moja kwa moja, akainama akagusa miguu ya baba. "Shikamoo, baba mdogo."

Baba hakuitikia. Bhupat alibaki ameinama, mikono yake juu ya viatu vya baba, akingoja marahaba ambayo haikuja. Tangu nizaliwe sikuwahi kuona salamu ikiachwa hewani namna ile. Aliponyanyuka uso wake ulikuwa umebadilika.

"Ilikuwa bahati mbaya," alisema. "Nilipiga juu."

"Nyamaza wewe," baba yake akamwambia.

"Risasi ya juu haimpati mtu shingoni," baba alisema. "Uliitupa wapi?"

"Makorongoni. Kabla ya mvua." Alikuwa na miaka ishirini na sita, lakini sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyevunja chungu. "Sikulala mwezi mzima, baba mdogo. Naapa."

"Mke wa Asgar naye halali," baba alisema.

Mahavir alisimama. "Umeonja maji ya Pune siku tatu, unakuja kunihukumu uani kwangu? Huyu Bhupat ndiye atakayewasha moto wa kuuchoma mwili wako ukifa. Wewe una binti tu. Nani atakubeba?"

Baba alichukua begi lake. Shemeji yake alitoka jikoni, unga umemjaa mikononi, akimsihi angalau ale, dengu ziko tayari. Baba alimwambia, "Leo hapana, shemeji," na tukaondoka. Nyumba hiyo ndimo alimozaliwa.

Nilidhani tunakwenda kituo cha treni, lakini alikunja kona kwenye mtaa wa wapiga ngoma. Mke wa Asgar, Hamida, alikuwa anaanika nguo. Alipotuona alifuta mikono, akatuletea kiti, akaanza kutueleza kwamba bendi bado ipo, shemeji yake ameichukua, msimu huu wana nafasi mwezi wa pili. Alidhani tumekuja kukodi bendi. Baba alisimama pale, kofia mkononi. Mwishowe akasema tutarudi. Njiani alirudia mara mbili, "Sikuweza, Sarvesh. Sikuweza."

Siku ya tisa tulikuwa mbele ya Inspekta Tambe. Baba aliandika maelezo kwa mkono wake, kurasa tatu, akianzia siku aliyomwachia kaka yake kitabu. Inspekta aliyasoma yote kabla hajamsogezea kalamu ya kutia saini.

"Sajini, unajua kumwachia mtu mwingine leseni yako ni kosa? Ukitia saini hapa na wewe umo kwenye kesi."

"Najua, afande."

"Na unajua unamtaja nani."

"Ningejua namna ya kuandika bila kumtaja, ningeandika hivyo."

Akatia saini, zile herufi zake za wima. Kisha Inspekta akanigeukia na kuniuliza kama nina la kuongeza. Hakuna aliyenishurutisha. Nilisema niliona mkono, nikaona shali, nikasikia mlio. Aliandika, nami nikasaini chini, na jina langu likatoka kama la mtu mwingine.

Mama alipopata habari alilia kwa hasira. "Baba Sarvesh, ungesema imeibwa. Neno moja. Ungesema imeibwa tu, tungelala." Alikuwa anawaza posa yangu, iliyokuwa imefika pazuri na familia moja ya Gwalior. Wiki mbili baadaye familia hiyo iliacha kupokea simu.

Leseni ya baba ilisimamishwa. Bunduki ya babu imo ghalani mwa polisi, na hatujui kama itatoka. Benki ilimchukua mlinzi mwingine. Sasa baba anafungua geti la ghala la vitambaa, ana fimbo na filimbi, na wenye malori humwita "mzee" badala ya sajini. Bhupat alikamatwa, akakaa rumande miezi minne, akatolewa kwa dhamana. Bastola haijapatikana, makorongo ya kwetu hubadilika kila masika, na aliyeitupa mwenyewe hakumbuki ni lipi. Kesi imeingia mwaka wa tatu. Kila inapotajwa tunapanda treni, na kila mara wakili wao anaomba tarehe nyingine.

Mahakamani Mahavir hukaa mstari wa mbele na kutupa mgongo. Baba hukaa mahali ambapo anaweza kumwona. Mara moja nilimwona Mahavir akikohoa sana, na baba akanyanyuka nusu na chupa yake ya maji, kisha akakaa tena.

Safari iliyopita, wakati wa mapumziko, Hamida alinifuata kwenye benchi la nje. Nilijiandaa kushukuriwa, Mungu anisamehe. Alikaa, akafungua kifurushi chake cha chapati, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wewe uliona siku ileile?"

"Ndiyo."

"Na mwaka mzima ulikuwa wapi?"

Nilimwambia niliogopa. Alinitazama, akakata chapati, akanipa kipande. Nilikipokea. Tulikula mpaka karani alipotoka kutuita ndani.