Watua Mizigo wa Kwemvue

Mara ya kwanza walikuja watu arobaini na wawili. Mara ya pili wakaja thelathini na tisa, na wawili kati yao waliingia kujikinga mvua. Uchaguzi wa Jumuiya ya Maji ya Kwemvue ukavunjika mara zote mbili, maana sheria yao inataka nusu ya wanachama, yaani watu mia moja na ishirini, wawe wametia kura sandukuni kabla ya saa nane mchana. Na sheria hiyohiyo inasema: ukivunjika mara ya tatu, kamati ya zamani inaendelea miaka mitatu mingine.

Miaka mitatu! Raheli aliisikia hesabu hiyo shingoni. Bomba la kitongoji cha juu lilikuwa kavu tangu masika ya mwaka jana, udongo ulipoporomoka ukalikata, na mwenyekiti, mzee Kornelio, alikuwa bado "analishughulikia." Raheli anaishi kwa kuotesha miche ya kabichi. Kila alfajiri anashuka bondeni na kupanda na ndoo kichwani, mara sita, na bado nusu ya kitalu inakauka. Miaka mitatu mingine, kitalu hakipo.

"Dada Raheli, niachie mimi," alisema Mika, mtoto wa mjomba wake, mwenye bodaboda na spika kubwa kuliko bodaboda yenyewe. "Nazungusha muziki siku tatu, kijiji kizima kinaamka."

"Mara ya pili si ulizungusha?"

"Nilizungusha!"

"Wakacheza watu mia mbili, wakapiga kura thelathini na tisa. Pumzika kidogo, Mika."

Raheli ni mtu wa kutazama. Shule aliishia la saba, lakini macho hayakuishia hapo. Miaka michache nyuma aliishi Tunduma, akimsaidia shangazi yake kukaanga chapati, na chapati nyingine alizivusha kuziuza Nakonde, upande wa Zambia, maana pale unavuka kama unayekwenda kwa jirani. Ndivyo alivyouona uchaguzi wao wa mwaka 2021, ule ulioiondoa serikali iliyokuwepo. Baadaye redio zilisema mengi: vijana, hali ngumu, hamu ya mabadiliko. Raheli hakubisha. Ila yeye alikuwa ameona jambo ambalo redio haikulisema.

Foleni ilikuwa ndefu mpaka imekunja kona. Akaja mama mmoja na beseni la nyanya kichwani, akasimama nyuma kabisa, akaangaza kushoto na kulia kama mtu anayetaka kuondoka. Kijana aliyekuwa mbele yake akageuka, akalishika beseni kwa mikono miwili, akamtua. Hakumuuliza anampigia nani. Saa tatu baadaye yule mama alitoka na kidole cha wino, akamwona Raheli na chapati zake, akasema, "Nitwike, mdogo wangu." Raheli akamtwika. Uzito wa zile nyanya anaukumbuka mpaka leo.

Basi siku mbili za soko Raheli alikwenda kukaa penye kona ya ofisi ya kijiji, akijifanya anauza miche. Kamati ilikuwa imepanga uchaguzi Alhamisi kwa hoja moja: siku ya soko kila mtu anapita hapo. Na kweli, walipita wote. Wanawake walishuka na matenga ya karoti na kabichi, kata zimekaza kichwani. Wakifika kwenye tangazo la uchaguzi, mwendo ulipungua. Walilitazama. Kisha walitazama mteremko ulio mbele, wakaendelea kushuka. Ukitua tenga lile peke yako kwenye njia ile, nani atakutwika tena? Utabaki nalo hapo kama jiwe la mpaka.

Raheli akainuka, hata miche akaisahau.

Alikwenda kwanza kwa Mwanaisha, mama wa makamo anayejua kuunga mabomba kuliko mafundi wa kulipwa, na ndiye aliyekuwa anashindana na mzee Kornelio.

"Basi tuombe siku ibadilishwe," alisema Mwanaisha.

Walikwenda wote wawili. Mzee Kornelio alikuwa barazani kwake, hatua chache kutoka ofisini, mkewe Janeth akimenya viazi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Siku ni Alhamisi," alisema kabla hawajaketi. "Nimesikia unawaeleza watu habari za Zambia. Mwanangu, Zambia ni Zambia. Hapa ni Kwemvue. Watu wa hapa hawana moyo wa kura."

"Moyo wanao, baba. Wana mizigo."

Mzee akacheka mpaka kofia ikasogea. "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi! Haya, kawabebee."

"Tutawatua tu, baba. Alhamisi hiyohiyo."

Janeth hakucheka. Aliendelea kumenya, ila ganda la kiazi lilikatika.

Alhamisi saa mbili, watu kumi na wawili walikuwa wamesimama kwenye kona, na Mika miongoni mwao, bila spika. Mabenchi yalipangwa kwa ajili ya matenga. Raheli aliwapa sharti moja: "Usimtaje mtu. Si Mwanaisha, si mzee. Tua, mlindie, mtwike. Basi."

Wa kwanza kufika alikuwa bibi Hawa na mzigo wa kuni.

"Onga mshi, bibi," Raheli alimsalimu kilugha. "Tukutue?"

"Mnanitua mnanipeleka wapi?"

"Pale kwenye sanduku. Ukirudi tunakutwika."

"Na mkinikimbia na kuni zangu?"

"Bibi, nani akimbie na kuni kwenye mlima huu?" alisema Mika.

Bibi akatuliwa, akanyoosha shingo, akaingia. Aliporudi, kidole kina wino, alitwikwa na watu wawili kwa upole kama bibi harusi. "Hii ndiyo serikali," alisema, akashuka zake akiwaambia wote aliokutana nao.

Baada ya hapo hakukuwa na haja ya kumwita mtu. Matenga yalijaa benchi, yakajaa ukuta, kila moja limewekewa jani la kabichi lenye alama ya mwenyewe. Foleni ikaanza kuchangamka yenyewe. "Wa kitongoji cha juu, acheni kusukuma, maji hamna lakini nguvu mnazo!" "Nguvu tumezipata kwa ndoo, shemeji!" Waliokuwa hawaendi sokoni walisikia vicheko, wakatoka majumbani kuja kuona, na waliokuja kuona wakajikuta wamepanga mstari.

Saa saba na nusu mstari ulikwisha. Karani Alen alijongea mlangoni na daftari lake. "Mia moja na kumi na nane," alisema.

Barabara ilikuwa nyeupe. Soko limeshamiri, hakuna anayeshuka wala anayepanda. Watuaji wote kumi na wawili walikuwa wameshapiga. Raheli alitazama juu, akatazama chini. Walipungua wawili tu.

Mzee Kornelio asubuhi nzima alikuwa barazani, mikono kifuani, akingoja uchaguzi ujivunjikie kama kawaida yake. Lakini ile foleni ilikuwa imemtafuna. Hakusikia alichosema Alen. Aliona tu umati uliopita, wengi wao wa kitongoji cha juu, na akajihesabia: kama hawa wote wamepiga, mimi nitakaaje bila kura yangu mwenyewe? Saa nane kasoro dakika kumi alivaa koti.

"Janeth, twende. Tusije tukashindwa kwa kura mbili."

Janeth alikuja na tenga lake la viazi, maana alikuwa anapitiliza sokoni. Raheli alimpokea kwa mikono miwili.

"Shikamoo mama. Nikutue?"

"Nitue, mwanangu. Nimengoja tangu asubuhi."

Wakaingia, wakatoka. Alen akafunga daftari. "Mia moja na ishirini. Uchaguzi umetimia."

Mzee Kornelio alisimama akitazama wino kwenye kidole chake. Kisha akatikisa kichwa, na haki yake apewe, akacheka tena, safari hii kidogo. "Kwa hiyo ni mimi niliyewatimizia."

"Ahsante, baba," alisema Raheli, na alikuwa anamaanisha.

Kura zilihesabiwa hapohapo: Mwanaisha themanini na tatu, mzee thelathini na saba. Funguo za tangi zilitoka kwenye mfuko wa koti zikiwa bado na joto la mwenyewe. Mwanaisha hakutoa hotuba. Aliuliza koleo liko wapi.

Janeth aligusa bega la Raheli. "Nitwike basi, soko lisinifungie."

Raheli akainama, akashika tenga, akainua.