Kuku Wawili wa Kaburini

Katika maelezo ya shahidi wa kwanza, malipo ya kumuua Raymundi yalikuwa kuku wawili. Kufikia shahidi wa nne, kuku walikuwa wamegeuka mbuzi. Shahidi wa saba, mfugaji wa kijiji cha Choma aliyeipata habari mnadani kwa mtu aliyeipata kwenye basi, alitaja ng'ombe wawili na pikipiki. Sijawahi kuona mifugo ikistawi kwa kasi kama ile iliyofugwa ndani ya jalada la polisi.

Maelezo hayo niliyasoma baadaye, serikali ilipoyaambatanisha kwenye majibu yake kwa fahari kubwa. Mwanzoni nilichokuwa nacho ni Mama Kuluthumu tu, ameketi kwenye benchi la ofisi yetu ya msaada wa kisheria hapa Tabora mjini, mkoba mapajani.

"Mwanangu," aliniambia, "mume wangu ana miezi kumi na minne mahabusu. Namtaka nyumbani. Mengine mtayajua ninyi mliosoma."

Nilikuwa nimemaliza chuo miezi minne kabla, nina suti moja nyeusi na imani nyingi. Nilimwambia sheria ipo. Akanitazama kama mtu anavyomtazama mtoto anayemwonyesha jino lililong'oka.

Mumewe, Mzee Sabiri, ni seremala wa mtaa wa Ng'ambo hapa mjini. Ni Mzaramo, ingawa pwani ameiona mara mbili tu: babu wa babu yake alikuja na msafara kutoka Bagamoyo, akaoa, akabaki. Uzaramo wake alikuwa akiutumia zaidi misibani, maana Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za wapagazi, na mtani ana kazi yake msibani. Mama Dafrosa, Mnyamwezi wa kijiji kimoja njia ya Ulyankulu, alipofariki, Mzee Sabiri alitengeneza jeneza kisha akaenda kufanya hiyo kazi nyingine. Aliruka kaburini, akalala chali, akasema hatoki bila kupewa chakula. Alipomwona mtoto mkubwa wa marehemu, Raymundi, analia mpaka miguu inamlegea, akampigia kelele kutoka kule chini:

"Raymundi, acha kulia, wewe ndiye unayefuata! Nimeshampa Majidi kuku wawili akumalize kabla ya msimu wa asali. Mbao zako nimeshakata, tatizo ni hicho kitambi!"

Watu walicheka. Raymundi naye alicheka huku kamasi zikimtoka, akasimama, akaweza kumzika mama yake.

Wiki tatu baadaye Raymundi alikutwa porini amekufa, chini ya mti mrefu, mzinga wa nyuki umepasuka pembeni yake na kamba imekatika. Daktari aliandika kwamba majeraha yalisababishwa na kitu butu. Ardhi ya kwetu ni butu kweli, lakini hakuna aliyeishuku. Polisi walimtafuta mwenye nia mbaya, na haikuchukua siku mbili wakapata habari za kuku.

Walimkamata Mzee Sabiri, na pamoja naye Majidi, muuaji wa kukodiwa. Majidi ni mchimba makaburi mstaafu wa miaka sabini na minane, ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Majidi walikaa naye wiki moja, wakamrudisha kwao, kwa sababu kila alipotaka kwenda chooni ilibidi askari amshike mkono. Hati ya mashtaka ikarekebishwa: Mzee Sabiri alimkodi "mtu asiyejulikana".

Mtu anaweza kuuliza kwa nini hawakuwahoji waliokuwepo kaburini. Waliwahoji. Kila aliyeulizwa alicheka, na fomu ya maelezo haina sehemu ya kuandika kicheko. Kwa hiyo wakatafuta watu makini zaidi, yaani wale ambao hawakuwepo. Wakapata tisa.

Tangu hapo, kila baada ya siku kumi na nne, Mzee Sabiri alipelekwa mahakamani kuambiwa kwamba upelelezi haujakamilika.

Niliandika ombi kwenda Mahakama Kuu, lile la kuitaka serikali imlete mtu inayemshikilia mbele ya jaji na ieleze inamshikilia kwa nini. Lina jina la Kilatini, habeas corpus, na nilipenda sana kulitamka. Kiapo cha kuunga mkono nilikiapa mwenyewe. Niliandika kurasa sita. Nilieleza msiba, utani, Majidi na macho yake, kama nilivyoelezwa na Mama Kuluthumu, kama alivyoelezwa na mumewe.

Wakili wa serikali alikuwa kijana mwenye tai nzuri. Alisimama, amekumbatia jalada lenye mashahidi tisa wa kuambiwa, akasema:

"Mheshimiwa Jaji, kiapo hiki kimejaa mambo ambayo mwapaji hakuyaona wala kuyasikia mwenyewe. Ameambiwa na mtu, aliyeambiwa na mtu. Sheria hairuhusu."

Alikuwa sahihi. Hilo ndilo lililoniuma. Ombi likatupwa. Mzee Sabiri, aliyewekwa ndani kwa maneno ya kuambiwa, alirudishwa ndani kwa sababu ya maneno ya kuambiwa. Nililia kwenye choo cha mahakama, kisha nikanawa uso.

"Tukate rufaa?" nilimwuliza Bernardo, wakili ninayejifunza kwake.

"Rufaa itasikilizwa Sabiri akiwa na vitukuu. Ombi letu halikukataliwa, limetupwa kwa kasoro. Lirudishe bila kasoro. Tafuta mtu mwenye masikio, wakili msomi, siyo mwenye uchungu."

Nikaenda njia ya Ulyankulu kumtafuta Dionis, mdogo wake Raymundi. Nilimkuta anasafisha masega. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu. Naye akacheka.

"Polisi nao niliwacheka, wakaondoka wamenuna. Mzee yule yuko ndani mpaka leo? Kwa ajili ya wale kuku?"

"Utaapa kwamba ulikuwepo, ukasikia?"

"Kuapa kwamba Mzaramo alisema upuuzi? Niletee Biblia mbili."

Nilirudi naye mjini natabasamu njia nzima. Bernardo alikisoma kiapo cha Dionis, akavua miwani, akaisugua kwa tai muda mrefu.

"Advera, unajua ulichofanya? Miezi yote hii serikali imekosa mtu hata mmoja aliyesikia kwa masikio yake. Sasa wewe umewatafutia, umemsafirisha, na umemgongea muhuri. Tukipeleka hiki, maneno yamethibitishwa. Wakitaka, wanamnyonga nacho."

Bila Dionis, hatuna kitu. Tukiwa naye, wao wana kila kitu. Tulimwita Mama Kuluthumu, nikamweleza bila kuficha kwamba kosa lilikuwa langu, na kwamba uamuzi ulikuwa wake. Aliniuliza swali moja.

"Lakini si alisema?"

"Alisema, mama."

"Basi pelekeni. Mume wangu hajawahi kukana mzaha wake. Akianza leo watajuaje kwamba ulikuwa mzaha?"

Tukapeleka. Siku ya kusikilizwa, Mzee Sabiri aliletwa amekonda, kola ya shati inamzunguka shingo kama kamba ya mzinga. Wakili wa serikali alisimama akiwa na furaha ambayo hakuweza kuificha.

"Mheshimiwa, kiapo hiki hatukipingi. Tunakishukuru. Maneno yalisemwa, na mleta ombi ametuletea aliyeyasikia. Tunaomba tu kumhoji."

Dionis akapanda kizimbani na koti lake la harusi.

"Uliposikia kwamba kaka yako atauawa kwa kuku wawili, ulifanya nini?"

"Nilimwambia hawatoshi. Kaka yangu alikuwa mzito. Nikamwambia aongeze jogoo."

"Na marehemu mwenyewe?"

"Aliomba wawe wa kienyeji."

Askari wa mlangoni aligeukia ukutani, mabega yanamtikisika. Jaji alikohoa kwa muda ambao kikohozi cha kawaida hakihitaji.

"Unataka mahakama iamini kwamba hukuona tishio?" wakili alisema kwa ukali.

"Bwana mkubwa, angekuja akatupa pole kwa adabu, amekunja mikono, hapo ningeogopa. Mtani akikuheshimu, ujue ana jambo moyoni."

Jaji akamgeukia wakili wa serikali. "Huyu ameongeza jogoo. Marehemu amechagua aina. Utawashitaki wote, pamoja na marehemu?"

"Mheshimiwa, tunao mashahidi tisa."

"Nani kati yao alikuwepo?"

"Hakuna, Mheshimiwa. Lakini wote wanakubaliana."

"Wanakubaliana kuhusu nini? Kuku, mbuzi au pikipiki?"

Kijana alifungua jalada, akalitazama, akalifunga. Kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma. Sidhani kama aliwahi kulisoma lote kwa mkupuo mmoja.

Jaji aliandika kwa dakika ishirini. Kisha akasoma kwamba mtu hawezi kuwekwa ndani zaidi ya miezi kumi na minne kwa yale ambayo watu tisa wameambiwa, na kwamba mtu mmoja aliyesikia kwa masikio yake amesikia utani. Mzee Sabiri aachiwe leo hii.

Nje, kwenye ngazi, Mama Kuluthumu alimshika mumewe mkono, hakuuachia. Dionis alikuwa anasubiri chini, amepanua miguu, mikono kiunoni.

"Muuaji!" alipayuka, watu wakageuka. "Kuku wangu wako wapi? Kazi imefanyika bure kabisa, mti umekusaidia, na malipo umekula mwenyewe! Ndiyo maana umenenepa hivyo!"

Tulingoja jibu. Mzee Sabiri alimtazama askari aliyesimama mlangoni. Akakunja mikono kifuani, akainamisha kichwa.

"Pole sana kwa msiba, ndugu yangu," alisema kwa sauti ya chini. "Mungu amweke pema."

Dionis aliteremsha mikono. Kaka yake alizikwa bila mtani, kwa kuwa mtani alikuwa rumande, na nadhani Dionis hakuwa amemlilia. Sasa machozi yalimtoka, amesimama tu, koti la harusi limembana mabegani. Mimi nilishika jalada langu la ushindi, nisijue niliweke wapi.

Mzee Sabiri alimwangalia akilia kwa muda. Akamtazama tena askari. Halafu akashuka ngazi mbili, taratibu, akamwinamia Dionis sikioni, akasema kitu kifupi. Dionis aliguna. Akajaribu kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi na kamasi zake.

Askari alinisogelea. "Amesema nini yule mzee?"

"Sikusikia," nilimjibu, na hilo naweza kuliapia.

Jioni Dionis aliniambia alichoambiwa, neno kwa neno. Lakini huo sasa ni ushahidi wa kuambiwa, na hapa siuandiki.