Ujumbe Usio na Namba

Kompyuta ya mapokezi ya hoteli yetu ililia nikiwa nje nawapangia wageni chakula cha kushuka nacho kreta kutazama wanyama. Nikaacha kila kitu, nikakimbia. Mlio ule niliutega mwenyewe, na ulikuwa na maana moja tu: kuna mgonjwa amejitoa, nafasi imepatikana kwa wale madaktari wageni wa moyo walioko Arusha. Wiki ile ile walikuwa wanaondoka, na Resiato, mama mkwe wangu, hakuwa na moyo wa kusubiri warudi mwakani.

Yeyo, yaani mama, kama tunavyomwita, anaishi Ololosokwan. Bomani kwake hakuna mtandao, mpaka upande kilima. Na tovuti ya madaktari ilikuwa na ukaidi wake: ukitaka kuingia, inatuma namba ya siri kwenye simu ya mgonjwa. Hiyo simu Yeyo huivaa shingoni na haivui kumpa mtu. Kusoma hajui, ila namba anazijua zote, amezijulia mnadani.

Basi nikaandika programu ya kuichungulia tovuti ile kwa niaba yangu. Ukurasa wake huja mtupu, kisha hujichora taratibu, kwa hiyo programu ilibidi ifungue kivinjari kamili, isubiri, ndipo isome. Mwanzoni ilikwenda kila mara kama mgeni mpya, ikadaiwa namba kila mara, na Yeyo akapanda kilima akihema. Sakaya, mume wangu, alininunia.

"Unamponya mama au unammaliza?"

Iliniuma, kwa sababu alisema kweli. Nikaifundisha programu kutunza kuki, zile alama ndogo ambazo tovuti humwachia aliyekwisha kuingia, ili akirudi imtambue kuwa ni yule yule. Haikudai namba tena. Nikamwandikia Yeyo ujumbe kwamba asipande tena, apumzike. Wajukuu watamsomea, nilijiambia.

Nilipofika mapokezi, Scholastika, dada wa zamu, alikuwa anainuka kwenye kompyuta. Mgeni alikuwa ametoka kuangalia tiketi yake ya ndege hapo. Kwetu mgeni akiinuka, kumbukumbu zote za kivinjari zinafutwa, kuki zikiwemo, asije mwingine akasoma barua zake. Hiyo ni adabu ya ofisi, na Scholastika ana adabu kutuzidi sote.

"Umefuta?"

"Nimefuta, dada Rahel. Si kama kawaida?"

Nafasi ilikuwa bado kwenye kioo. Nikaibonyeza. Tovuti ikanikana papo hapo, ikadai namba ya siri. Nilitamani kumzaba Scholastika kofi, kisha nikatamani kujizaba mwenyewe, maana kuki za roho ya mtu nilizihifadhi kwenye kivinjari cha watu wote, bila nakala.

Nikapiga simu ya Yeyo nikijua nitaambiwa hapatikani. Ikaita.

"Yeyo? Uko wapi?"

"Huku juu." Pumzi zake zilikuwa fupi.

"Kuna ujumbe umeingia sasa hivi?"

"Umeingia. Una namba."

Nilipaswa kumwambia akae chini kwanza. Sikumwambia, niliogopa nafasi isije ikachukuliwa.

"Nisomee, Yeyo."

Akazisoma moja moja, akivuta pumzi katikati. Kwa haraka yangu nikakosea moja, tovuti ikakataa. Scholastika akanishika bega, akaninong'oneza nimwombe arudie. Yeyo akarudia. Safari hii ilikubali. Nikabonyeza nafasi, na jina la Resiato likatokea kwenye kioo, Alhamisi asubuhi.

Nikakaa sakafuni.

"Umepata, Yeyo. Sasa kaa chini, nitamtuma mtu aje kukuteremsha. Ulijuaje kwamba leo nitahitaji namba?"

"Sikujua. Napanda kila asubuhi, nisije nikakukosesha."

"Lakini nilikutumia ujumbe usipande tena."

Akakohoa, akasubiri pumzi irudi.

"Niliuona, mwanangu. Niliutazama sana. Haukuwa na namba, nikajua ujumbe wenyewe bado haujaja."