Sisimizi wa Wifi

Wifi yangu alipigiwa simu akiwa jikoni kwangu, anamenya viazi vyangu kwa kisu changu. Alisikiliza, akasema "asante sana" mara kadhaa, kisha akanigeukia macho yamemjaa machozi.

"Wifi, wamenichukua!"

Nikamkumbatia. Ningefanya nini? Kaka yangu, mumewe, alikuwa amesimama mlangoni anatutazama. Lakini moyoni nilikuwa nawaka wivu, sisemi uongo.

Sote wawili tulikuwa tumemaliza uzamivu, tunahangaika kutafuta nafasi za utafiti. Mimi na wadudu wangu, yeye na hisabati zake. Na nafasi ile ilikuwa ya maabara ya sisimizi. Ya sisimizi, jamani! Mimi niliyeng'atwa nao miaka yote, nikawaota mpaka usingizini, nikashindwa na mtu asiyejua hata kumtambua malkia. Tena mimi ndiye niliyemwambia, "Na wewe omba, tangazo linasema fani yoyote." Nilimwambia kwa mzaha tu.

Kwenye usaili mimi nilieleza sisimizi mwanzo mwisho. Wakubwa wa maabara wakaitikia kwa adabu, maana yote wanayajua. Yeye, nilikuja kusikia, aliwaonyesha jinsi hisabati inavyoweza kubashiri njia watakayopita sisimizi kabla hawajatoka kiotani. Wakasahau hata chai yao.

Alihamia huko na kaka. Hata hajazoea vizuri, akanipigia simu, ananong'ona.

"Wifi, wanakufa."

"Nani?"

"Sisimizi! Kila asubuhi nakuta rundo. Bosi akirudi safari nimekwisha. Na hapa naona haya kuuliza, watasema huyu tumemwokota wapi."

Nikaiona nafasi ile ikitangazwa upya, nikaliona jina langu mlangoni pale. Nilichotakiwa kusema ni "sijui" tu, na hakuna ambaye angenishuku. Nilikuwa sina kazi, nimerudi kulala chumba cha uani kwa mama.

"Taa ya kamera unaizima saa ngapi?" nikauliza.

"Siizimi. Nitawahesabuje gizani?"

"Mungu wangu! Unawakaanga, wifi. Isogeze taa mbali, uwafunike kwa plastiki nyekundu. Wao mwanga mwekundu hawauoni vizuri, kamera yako itauona. Halafu lowesha pamba, uiweke pembeni wanywe."

Kila neno lilinitoka kwa maumivu ya jino linalong'olewa. Yeye huko anaandika, namsikia, "ehe, ehe, halafu?" Nikamwambia na ya halafu.

Sisimizi walipona. Mkataba wake ulipoongezwa, kaka alinipigia kwa furaha tele, akanishukuru kwa kumwombea mkewe.

Nikasema amina.