Penseli Nyuma ya Kadi za Chai

Yakub alikuwa na ugonjwa mmoja usiokuwa na dawa Homa Bay nzima: alijibu kabla hajaulizwa. Ukimpelekea picha ya babu yako iliyoliwa na mende ili aitie fremu, angekueleza habari za mende, za fremu na za babu yako mwenyewe, na wewe bado umesimama mlangoni.

Ndiyo maana Kezia, muuguzi mstaafu kutoka Rusinga, hakuimaliza sentensi yake. Alikuwa ameleta kadi thelathini na moja ndani ya mkebe wa biskuti, kadi ndogo za picha za wanyama zilizokuwa zikitiwa zamani ndani ya pakiti za majani ya chai, watu wakizikusanya na kubadilishana. Marehemu mama yake alikuwa na hoteli ya chai Mbita, kwa hiyo zilimjia bila kuzitafuta. Moshi na mafuta ya mandazi vilikuwa vimezigandia. Jumamosi ukoo ungekutana kuweka msalaba kaburini kwa mama, na Kezia alitaka wajukuu wazione kadi hizo.

"Uzisafishe polepole," alisema. "Na huku nyuma..."

"Mama, hiyo kazi niachie mimi," Yakub akamkata, kisha akamhubiria kwamba maji ni adui wa kadi, spiriti ni adui mkubwa zaidi, na anayetumia mate afungwe. Kezia akacheka, akaenda zake.

Na haki isemwe, kazi aliijua. Alinawa mikono, akaikausha vizuri, akashika kila kadi kwa kingo. Alianza na ile iliyochakaa kuliko zote, ili akikosea akosee hapo. Vumbi alilifagia kwa brashi laini, kutoka katikati kwenda nje, kisha akapitisha kitambaa kikavu cha miwani bila kukandamiza. Doa lililokataa kutoka aliliacha, maana heri doa kuliko tundu. Simba alirudi na manyoya yake, pundamilia na mistari yake, na Yakub akajipongeza kwa sauti.

Nyuma ya kadi alikuta penseli. Herufi zilikuwa kubwa, zimepinda, nyingine zimeangalia upande usio wake. Si Kiswahili, si Kiingereza. Watoto hawa, aliwaza, wakiachiwa penseli hawabakishi kitu. Akachukua raba nyeupe laini, akafuta kwa vizunguko vidogo, akipeperusha makombo kwa brashi. Siku mbili alifuta, huku akipiga mluzi.

Alikuwa amebakiza moja tu, ya kiboko, wakati Damaris, fundi wa cherehani wa duka la pili, alipoingia kuazima mkasi. Damaris aliigeuza ile kadi, akaisoma bila kusita, akatabasamu. Yakub akamuuliza anachekea nini.

"Ni Dholuo," Damaris alisema. "Anasema, rao, yaani kiboko, alikula mahindi yetu yote, na mama alimtukana mpaka asubuhi. Nani ameandika? Ni kama mtu mzima anajifunza."

Masikio ya Yakub yalishika moto. Sasa ndipo alipomkumbuka Kezia na ile "huku nyuma" yake. Miaka ishirini na miwili ameishi mji huu. Amekula samaki wao, na watoto wake wanaota kwa Dholuo, lakini yeye aliishia kwenye salamu. Maandishi asiyoyajua aliyaona uchafu, na hilo ndilo lililomchoma kuliko raba yenyewe.

Shetani naye hakukawia. Alimwambia azitie kadi zote kwenye fremu, migongo itazame ubao, nani atageuza? Yakub alikata hata mbao za fremu hiyo. Kisha alijiona alivyo, akaziweka chini.

Ijumaa asubuhi Kezia alizishangilia picha, na furaha yake ikamuumiza Yakub.

"Nyuma nimefuta," alimwambia. "Nilidhani ni watoto wamechorachora. Imebaki moja tu."

Kezia alikaa. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba mama yake hakwenda shule. Alijifunza kuandika akiwa na miaka hamsini, darasa la gumbaru, la watu wazima, na karatasi yake ilikuwa kadi hizo. Kila mnyama alimwandikia jambo moja alilolijua. Mwandiko wake mwingine haupo popote, hata kitambulisho alikitilia kidole gumba.

"Nilikuwa nataka kukuambia," Kezia alisema. "Lakini ukaongea."

Akaipeleka kadi moja mlangoni, akaiinamisha kwenye mwanga. Mama alikuwa amekandamiza penseli kama wanavyokandamiza wanaoanza, na mifereji ya herufi ilionekana kwa mbali. Basi Kezia akasoma, Yakub akaandika kwenye daftari, akiomba atajiwe kila herufi. Kufikia saa saba walikuwa wameokoa kumi na tisa. Kumi na moja zilikuwa tupu kabisa, kwa sababu hizo alizifuta kwa bidii zaidi.

"Kesho utakuja Rusinga," Kezia alisema. "Watoto watauliza nyanya aliandika nini kwa hizi kumi na moja. Wewe ndiye utawajibu."

Yakub akakubali.

"Na utawajibu na Dholuo. Wale wadogo hawajajua Kiswahili."

Jioni hiyo Yakub alikaa kwenye benchi la Damaris, akifundishwa sentensi moja, akiirudia na kuikosea: nilifuta kwa sababu sikujua kusoma.